Nilipomtaja Mtu Redioni

Mwezi uliopita nilipiga simu kwenye kipindi cha jioni cha redio moja hapa Mbale. Mada ilikuwa ufisadi. Kila mpigaji alikuwa na lake, chumba kizima cha hosteli kinasikiliza, nami nikataka kusikika. Nikamtaja ofisa mmoja kwa jina na cheo, nikasema amekula fedha za paa la shule. Wenzangu wakapiga makofi.

Ijumaa baada ya swala, ndugu mmoja wa darsa yetu alinishika mkono nje ya msikiti. "Yule uliyemtaja ni mjomba wangu," akasema. "Sikuulizi kama ni mwizi. Nakuuliza, wewe ulijuaje?"

Nilijua kwa mwendesha bodaboda. Yeye alijua kwa abiria.

Tangu siku ile najiuliza: kuwasema viongozi redioni ni ghiba? Wako wanaojibu haraka kwamba ndiyo, tufunge midomo tuombe dua. Sikubaliani nao. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 148, aliyedhulumiwa ametolewa katika katazo la kutangaza uovu. Na fedha ya umma ikiliwa, aliyedhulumiwa ni nani kama si yule mtoto anayenyeshewa darasani? Mwaka 2023 hapa Uganda, mabati yaliyokusudiwa watu wa Karamoja yaliishia mikononi mwa wakubwa, na mawaziri watatu wakafikishwa mahakamani. Kama watu wote wangenyamaza kwa kuogopa ghiba, habari hiyo ingejulikana vipi? Serikali ilipopiga marufuku ebimeeza mwaka 2009, ile mijadala ya hadhara iliyorushwa moja kwa moja redioni, sidhani ghiba ilipungua nchini. Ilihamia vibarazani.

Kwa hiyo nilikwenda maktaba nikitafuta cha kunitetea. Imam Nawawi, katika Riyadhus-Swalihin, anataja hali sita ambazo kumsema asiyekuwepo kunaruhusiwa. Ya kwanza ni ya mwenye kudhulumiwa. Nikafurahi, kisha nikasoma tena: huyo anashitaki kwa mtawala, kwa kadhi, au kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki yake. Redio si kadhi. Haimwiti mshitakiwa wala haitaki shahidi, na dakika mbili zikiisha anaingia mpigaji mwingine.

Hali ya pili, ya kutafuta msaada wa kuondoa munkari, inaikaribia redio zaidi. Lakini hata hapo inachukuliwa kwamba msemaji anaujua huo munkari. Nikakumbuka kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi na mali mbili, moja ya watu na nyingine akidai amepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akalikemea jambo lile mbele ya watu wote. Katika hotuba alimsema mtumishi aliyetumwa, hakumtaja jina, ingawa mali ilikuwa pale na mwenyewe alikuwa ameshakiri kwa ulimi wake. Mimi nilikuwa na jina tu.

Rafiki yangu mmoja, anayesoma sheria, hakuridhika. "Ukingoja ushahidi, mwizi atastaafu," alisema. "Hizo karatasi wanazo wao." Hoja yake ni nzito, na sina jibu la kuimaliza. Ila nchi hii ina sheria ya mwaka 2005 inayompa raia haki ya kuomba taarifa za serikali, nami tangu nizaliwe sikuwahi kuandika ombi hata moja. Simu nilipiga mara ngapi? Sikumbuki.

Dhambi hii ina ugumu wake. Ningemsengenya mtu chumbani, ningemwendea aniwie radhi. Nimemsema mbele ya wilaya nzima, naye na watoto wake wanaishi humo humo. Kwa hiyo Jumanne nilipiga tena kipindi kile kile, nikasema kwamba nililolisema sikulijua, nilikuwa nimelisikia tu. Mtangazaji akaniuliza kama kuna mtu amenitisha. Nikamwambia hapana. Akacheka kidogo, akasema, "Tumekuelewa, kaka." Chumbani hakuna aliyeniamini.

Ile shule bado haina paa. Barua ya kuomba hesabu za ujenzi nimeipeleka mwenyewe, na yule ndugu wa darsa ndiye aliyenisaidia kuiandika.