Kovu katika picha: kusafisha si kubadilisha

Kwetu Bangboka matanga haiendi bila picha ya marehemu. Inawekwa mbele, juu ya meza, na watu wanailia. Swali letu ni hili: picha ambayo mashine imeitengeneza upya, ingali picha ya yule mtu?

Mwaka uliopita tulimlilia baba mdogo wetu. Ile foto moja tuliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, tena maji ya mvua yaliishaiharibu. Kijana mmoja akaiingiza katika kompyuta, ikatoka kubwa, safi, inang'aa. Watoto wakafurahi. Lakini shangazi aliitazama sana, akauliza: "Wanangu, na kovu lake liko wapi?"

Baba mdogo alikuwa na kovu shavuni, la kipande cha bomu. Alilipata katika vita ya siku sita hapa Kisangani, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, wakati jeshi la Rwanda na la Uganda yalipopigana katikati yetu. Mashine ilidhani kovu ni uchafu.

Hatukumlaumu kijana. Hata telefone zetu nyingi zinafanya vile: unabonyeza mara moja, inakamata picha nyingi, inaziunganisha, inalainisha ngozi, na pale isipoona vizuri inakisia. Kukisia peke yake si dhambi. Tarehe 10 Aprili 2019 wataalamu walionyesha picha ya kwanza ya shimo jeusi la anga, katika galaksi ya M87. Kompyuta ziliunganisha vipimo vya darubini 8 za redio na kujaza mapengo. Ila wale wataalamu waliogopa kuona kile tu walichotamani kuona. Wakajigawa vikundi 4, kila kimoja kikafanya kazi bila kuambiana na vingine, kisha wakalinganisha. Wote wakakuta pete ileile. Si ndivyo wazee wetu wanavyokata maneno? Mashahidi wanaulizwa mmoja mmoja, wasipatane njiani.

Tofauti iko hapa: wale walisema wazi nini kimepimwa na nini kimekisiwa. Kwetu, hakuna aliyesema.

Na kovu si kitu kidogo. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini La Haye, iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara ya vita ya miaka 1998 mpaka 2003. Mwenye kudai haki anaulizwa alama. Tukifuta kovu kwa ajili ya uzuri, kesho mjukuu atashuhudia na nini?

Wengine watasema: acheni marehemu apumzike na sura nzuri. Ni kweli, hata maiti tunaiosha na kuivika. Lakini kumwosha mtu si kumgeuza mtu mwingine.

Basi tuliweka picha zote mbili juu ya meza. Chini ya ile kubwa tuliandika: imetengenezwa na kompyuta. Shangazi akaketi karibu na ile ndogo. Hiyo desturi tuishike: picha ya zamani isitupwe, na ile mpya isitaje isichokiona.