Hajiri Njiani: Imani Baada ya Ndoa Kuvunjika

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 16, 21:8-21, 25:7-11, Yeremia 3:8, Malaki 2:13-16, Mathayo 19:3-9, 1 Wakorintho 7:10-15.

Fungu la kukariri: Isaya 54:6. Kila mmoja alisome katika Biblia yake.

Kanisani hufundishwa uchumba, harusi, malezi ya watoto na uzee wa wanandoa. Talaka huguswa kwa sentensi moja ya onyo, kisha mhubiri hupita. Lakini katika madarasa mengi ya Shule ya Sabato wapo walioachwa, waliokimbia kipigo, na waliovunja ndoa zao wenyewe kisha wakatubu. Juma la Familia linapofika, baadhi yao hupata safari ya ghafla. Siku ya Meza ya Bwana, wanandoa wanapoitana kutawadhana miguu, wao hutazama huku na huku wakitafuta wa kushirikiana naye. Somo la juma hili linawafuata hao, kwa kumfuata mwanamke mmoja Mmisri aliyetolewa nyumbani asubuhi na mapema akiwa na mwanawe.

JUMAPILI: Swali la Mafarisayo

Soma Mathayo 19:3-9. Mafarisayo walitaka kujua nini, na Yesu aliwarudisha wapi?

Swali lao lilikuwa la mabishano ya siku zile. Wafuasi wa Shamai walifundisha kwamba mume amwache mkewe kwa sababu ya uchafu wa zinaa tu. Wafuasi wa Hileli waliruhusu sababu nyingi, hata ya chakula kilichoungua. Yesu hakujiunga na kambi yoyote kwa jina. Aliwapeleka Edeni, akaonyesha kwamba ndoa ni kazi ya Mungu, na kwamba ruhusa ya Musa ilikuja kwa sababu mioyo ya watu ilikuwa migumu. Hati ya talaka ya Kumbukumbu la Torati 24 haikuwa baraka. Iliandikwa ili mwanamke asitupwe nje bila ushahidi kwamba yu huru.

Malaki 2:13-16 hunukuliwa sana kwa ukali, na mara nyingi kibao chake humpata asiyehusika. Ukisoma kwa utaratibu utaona nabii anasema na waume waliowafanyia hiana wake wa ujana wao, huku machozi yakifunika madhabahu. Lawama iko juu ya mwenye hiana. Aliyefanyiwa hiana hakulaumiwa. Na katika Yeremia 3:8 Mungu mwenyewe anajieleza kama aliyeandika hati ya talaka baada ya kusalitiwa na Israeli. Aliyeachwa akiomba, anaomba kwa Mungu anayejua jambo hilo.

Kuhusu nani yu huru kuoa au kuolewa tena, 1 Wakorintho 7:10-15 na sura ya ndoa katika Kanuni ya Kanisa zisomwe pamoja na mchungaji na wazee wa kanisa. Darasa la Shule ya Sabato si mahakama, wala mambo ya ndani ya nyumba ya mtu yasigeuzwe kuwa mada ya mjadala.

JUMATATU: Mkate na Kiriba cha Maji

Soma Mwanzo 21:8-14. Ibrahimu alimpa Hajiri nini alipomwondoa?

Mwanzo 16:3 inasema wazi kwamba Hajiri alitolewa awe mke. Hakuchagua. Alikuwa mjakazi, na mpango wa kupata mtoto kupitia kwake ulitoka kwa bibi yake. Baadaye Sara alipotaka afukuzwe, neno la Kiebrania alilotumia ni la asili moja na lile linalomtaja mwanamke aliyeachwa katika Mambo ya Walawi 21 na 22. Tendo la Ibrahimu la kumruhusu aende limeandikwa kwa neno lile lile linalotumika katika Kumbukumbu la Torati 24. Msomaji wa Kiebrania alisikia talaka katika maneno hayo.

Ni kweli Mungu alimwambia Ibrahimu asikilize sauti ya Sara, akamwahidi kwamba kijana naye atakuwa taifa. Hilo halipasi kufichwa darasani. Lakini Mungu hakumwambia atoe mkate na kiriba kimoja tu. Mwanzo 13:2 inasema Ibrahimu alikuwa tajiri sana wa mifugo, fedha na dhahabu. Hakukosekana punda wa kumpa, wala mtumishi wa kumsindikiza hadi kisima cha kwanza. Baba wa imani aliamka mapema, akambebesha mama na mwanawe mzigo mwepesi kuliko deni alilokuwa nalo kwao, na maji yakaisha katika jangwa la Beer-sheba. Biblia haikumfunika, ingawa ni rafiki wa Mungu.

JUMANNE: Deni la Aliyebaki na Nyumba

Soma Kutoka 21:10-11. Sheria ya Musa ililinda nini hata kwa mjakazi aliyeolewa?

Chakula, nguo na haki ya ndoa havikupunguzwa. Huyo ni mjakazi, sembuse mke aliyelima, aliyepika na kulea kwa miaka ishirini.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Kabla ya hapo majaji walitofautiana, na wanawake wengi waliondoka na sufuria na godoro.

Wapo ndugu katika imani wanaomshauri mama asidai chochote, kwamba Mkristo huacha yote kwa Bwana. Ushauri huo hutolewa mara nyingi zaidi kwa anayeondoka kuliko kwa anayebaki na shamba. Mwenye shamba naye huleta zaka ya mazao kila msimu, na hakuna mzee anayemwuliza ada ya shule ya watoto inalipwa na nani. Kusamehe ni amri. Msamaha haufuti chakula cha watoto, wala haumzuii mtu kwenda kwenye baraza akaeleza haki yake bila matusi.

JUMATANO: Mara Mbili Jangwani

Soma Mwanzo 16:7-13 na 21:15-19. Malaika alimwambia nini Hajiri mara ya kwanza? Mara ya pili je?

Mara ya kwanza Hajiri alikimbia akiwa mjamzito, na malaika akamwambia arudi kwa bibi yake. Fungu hilo limetumika kuwarudisha wanawake wengi kwenye nyumba walizozikimbia. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mara ya pili ni Hajiri yule yule, tena jangwani, na hakuna neno la kurudi. Anaambiwa asiogope, amwinue kijana, amshike. Mungu yule yule alitoa maagizo mawili tofauti. Mzee wa kanisa mwenye jibu moja tu kwa kila ndoa iliyopasuka, hasa penye kipigo, hajafika sura ya 21.

Hajiri alimlaza mwanawe chini ya kijiti, akaketi mbali kama mtupo wa mshale, ili asimwone akifa. Wengi waliopita katika talaka wanakijua kiti hicho: kumpenda mtoto na kushindwa kumtazama usoni. Alilia kwa sauti. Mungu akasikia sauti ya kijana, ambaye jina lake maana yake ni Mungu husikia. Kisha akayafumbua macho ya mama, akaona kisima. Aya haisemi kisima kiliumbwa saa ile. Hajiri hakurudishiwa hema. Alipata maji ya siku hiyo, akajaza kiriba, akamnywesha mwanawe, na miaka iliyofuata aliishi katika jangwa la Parani akamlea.

Uponyaji wa namna hii hauendi haraka. Mwenye jeraha asihimizwe kutoa ushuhuda mbele ya kanisa mwezi wa tatu.

ALHAMISI: Makpela

Soma Mwanzo 25:7-11. Nani walimzika Ibrahimu?

Piga hesabu. Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa, na 100 alipozaliwa Isaka. Kwa hiyo siku ya kufukuzwa Ishmaeli alikuwa kijana wa zaidi ya miaka 14. Alielewa kila kitu. Ibrahimu alikufa akiwa na miaka 175, na Ishmaeli, sasa mzee wa miaka 89, akaja kusimama pangoni pamoja na Isaka. Biblia haisemi waliongea nini. Inasema tu walizika pamoja, na kwamba baadaye Isaka alikaa karibu na Beer-lahai-roi, kisima kilichopata jina lake baada ya Hajiri kumwita Mungu kuwa ni aonaye.

Mtoto wa talaka hukumbuka, na huenda akachukua miaka sabini kufika pangoni. Mzazi anayemtuma mtoto kama tarishi wa matusi kwa mzazi mwenzake anairefusha safari hiyo.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Katika kanisa lenu, mtu akitalikiwa, ni huduma zipi huondolewa kimyakimya? Nani aliamua hivyo, na kwa fungu lipi?

2. Aliyevunja ndoa yake mwenyewe kisha akatubu anapokelewaje, bila kumwumiza zaidi aliyeachwa ambaye labda wanasali kanisa moja?

3. Taja, bila majina, mahitaji matatu ya mama au baba anayelea peke yake mtaani kwenu. Dorkasi na mashemasi wanaweza kutimiza lipi kabla ya Sabato ijayo?

4. Siku ya huduma ya unyenyekevu ijayo, nani atamwendea ndugu au dada asiye na mwenzi, na atamwendea kabla au baada ya wanandoa kuitana?