Msemaji na Mwenye Sauti

Asubuhi kando ya Moi Avenue, Nairobi, muuza magazeti hutandaza mali yake chini juu ya kipande cha turubai na kuibana kwa mawe, upepo usije ukaibeba. Watu wanane, pengine kumi, huinama wakasoma vichwa vya habari. Anayenunua ni mmoja, na siku nyingine hata huyo hayupo. Lakini wote hubishana. Muuzaji hununa kidogo, kisha uvumilivu humshinda naye akatia neno lake.

Miongoni mwa magazeti yaliyobanwa kwa mawe ni Standard. Ng'ambo ya barabara ni Bustani ya Jeevanjee. Wabishi wale ukiwauliza vitu hivyo viwili vinahusianaje, wengi watakutazama tu. Gazeti na bustani vina mwasisi mmoja, tena mgeni: Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, mwaka 1856.

Kilichonivuta kwa mtu huyu ni jambo la lugha. Kwa Kiswahili, msemaji ni yule asemaye, na msemaji ni yule awasemeaye wengine. Neno ni lile lile, na hatujaona haja ya kuwatenganisha. Ila kitenzi chenyewe hutenganisha. Kuna kusema, kuna kusemea, kuna kusemewa, na kuna kusemwa, ambako hakuna anayekutamani. Mtu anaweza kupita katika hali zote nne bila kuhama mji. Jeevanjee alizipita, na nadhani maisha yake yanatusaidia kuuliza kama sauti ni kitu ambacho mtu anaweza kukimiliki kama anavyomiliki duka.

Alianzia mbali. Alifanya biashara Adelaide, Australia, kisha mwaka 1890 akafika Mombasa. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa, yeye alikuwa mmoja wa wenye kandarasi: kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwalisha. Aliijua kazi ya kupeleka kitu kinapohitajika na kulipwa. Mwaka 1902 akaongeza biashara nyingine, gazeti la kila wiki mjini Mombasa lililoitwa African Standard. Lilikuwa la Kiingereza, na mhariri aliyeajiriwa alikuwa Mwingereza. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu wawili, nao wakalipa jina jipya: East African Standard.

Hapa ndipo ninapokwama kila ninapomfikiria. Aliliuza kama mtu anavyouza jahazi. Kwa mwenye kandarasi hilo si kosa, kwa kuwa jahazi likishauzwa hupakia mizigo ya mwenye kulinunua na hakuna wa kulalamika. Lakini gazeti halipakii samli na mchele. Miaka michache baadaye, Wahindi walipodai ardhi katika nyanda za juu na haki ya kuchagua wajumbe wao, gazeti lile lile, ambalo mwaka 1910 lilihamia Nairobi, lilikuwa kinywa cha walowezi waliotaka nyanda hizo ziwe za Wazungu peke yao. Mwasisi akawa anasemwa, yeye na jamii yake, na gazeti aliloanzisha kwa fedha zake.

Mwepesi wa kuhukumu atasema: basi, angelishika. Sina hakika. Angelishika, wasomaji wangekuwa nani? Waliojua kusoma Kiingereza mjini Mombasa wakati ule walikuwa hasa maofisa, wamishonari, wenye mashamba na wafanyabiashara wachache. Mwenye gazeti humiliki karatasi, wino na mtambo. Masikio hamiliki, na sauti hukaa masikioni kuliko kinywani. Ukitaka kuhakikisha, mwangalie yule muuzaji wa Moi Avenue: karatasi ni zake zote, lakini mjadala umemtoka mikononi tangu alfajiri.

Kiti alikipata baada ya gazeti kwenda. Mwaka 1909 aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiyekuwa Mzungu kuingia humo. Tukio hilo huandikwa vitabuni kama ushindi, na kwa sehemu ni ushindi. Lakini kiti kimoja ndani ya chumba ambacho wengine wote wamekubaliana ni kiti cha upweke. Unaruhusiwa kusema, yakaandikwa kwamba umesema, na kura ikapigwa kana kwamba hukusema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya nne apewe nini. Jeevanjee alikuwa amelima mwaka hata mwaka, akajenga na soko mjini Nairobi, na bado palipohitajika kuamua aliambiwa kwa adabu kwamba yeye ni mgeni. Waliomwambia hivyo walikuwa wageni waliofika baada yake.

Mwaka 1910 akaenda London kulalamika, na huko alisema jambo ambalo wanaompenda hulipitia haraka. Alimweleza mwandishi wa gazeti la Daily Chronicle kwamba nchi hii ingefaa kuunganishwa na himaya ya India, ifunguliwe kwa Wahindi, nayo baada ya muda mfupi ingekuwa India ya pili.

Mimi sitaki kulipitia haraka. Mtu aliyeonja uchungu wa kusemewa na walowezi alisimama London akaisemea nchi nzima, wenyeji wakiwemo. Mkikuyu, Mmaasai na Mkamba hawakuwa na kiti Barazani. Mwafrika wa kwanza kuingia humo, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Kabla ya hapo walisemewa, kwanza na mmishonari. Ndiyo hatari ya kitenzi hiki. Kusemea huanza kwa huruma au kwa hasira ya haki, na anayesemewa hugundua amechelewa kwamba amehamishiwa kwenye shauri asilolijua.

Hata hivyo hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko yeye mwenyewe. Ukishasema kwamba rangi si sababu ya kumnyima mtu kiti, huwezi kulizuia neno hilo lisiwafikie watu usiowakusudia. Lilifika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mhamiaji mwingine, Manilal Ambalal Desai wa Gujarat, alikuwa na gazeti Nairobi, East African Chronicle. Mjini humo alikuwamo kijana aitwaye Harry Thuku, aliyewahi kufanya kazi ya kupanga herufi katika gazeti la walowezi. Ifikirie kazi ile: kuokota herufi za risasi moja moja, zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo, na kuzipanga mstari kwa mstari hadi zitimie sentensi ya mtu mwingine, pengine sentensi inayokutukana. Mwaka 1921 Thuku alichapisha maandishi yake mwenyewe kwa mtambo wa Desai, mengine kwa Kiswahili. Machi 1922 alikamatwa, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, na watu wakapigwa risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa vifo 21. Wengine walitaja idadi kubwa kuliko hiyo. Gazeti la Desai nalo liliandamwa, halikudumu. Yeye baadaye aliingia Barazani, akafa Bukoba mwaka 1926.

Jeevanjee na Desai wote wawili walikuwa wahamiaji, wenye magazeti, na wanasiasa. Tofauti ninayoiona ni kwamba Jeevanjee aliwasemea watu, na Desai, angalau kwa miezi ile, alimwachia mwingine mtambo aseme mwenyewe. Sidai kwamba alikuwa mwema zaidi. Pengine alimhitaji mshirika. Lakini kati ya njia zote za kuitumia mashine ya kuchapa, hiyo ndiyo iliyowatia wakubwa hofu.

Jeevanjee alifariki mwaka 1936. Bustani aliyoupa mji, iliyokuwa na sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa mwaka 1906 (jiwe la utiifu, ukipenda, kutoka kwa mtu aliyekuja kuwalaumu watumishi wa warithi wa Malkia huyo), ilibaki. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kujenga humo jengo la kuegesha magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, na wakazi wengine wa Nairobi waliupinga, na miti ikabaki.

Chini ya miti hiyo hukutana watu wanaojiita Bunge la Mwananchi. Hawakuchaguliwa na yeyote, hawana kipaza sauti, na anayeshika zamu husimama akasema mpaka azomewe au asikilizwe. Wengi wao hawana fedha ya kununua gazeti. Walilisoma pale njiani. Ukiwa Nairobi saa za mchana, ingia ukae kwenye benchi. Hakuna kiingilio, na ukitaka kusema, inua mkono.