Wema si mahari

Wema si mahari. Wengi tulioitazama filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1996, ile ya mpiga kengele wa kanisa la Notre Dame jijini Paris, tulibaki na kinyongo: Quasimodo mwenye kibiongo ndiye aliyemnusuru Esmeralda na moto, lakini aliyempata ni Phoebus, askari mwenye sura nzuri. Kinyongo hicho nakielewa, hata mimi kiliniuma, ila kinamsahau Esmeralda mwenyewe, kana kwamba moyo wake ni deni la kumlipa aliyemwokoa. Itazame tena sehemu ya mwisho: Quasimodo anaushika mkono wa Esmeralda, anaushika na wa Phoebus, anaikutanisha, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Kisha Esmeralda anamtoa nje kwenye mwanga, na mtoto wa kike anamjongelea, anamgusa uso taratibu, anamkumbatia. Kijana yule alifichwa mnarani tangu utotoni akiambiwa kuwa watu watamchukia. Alichokikosa kuliko mke ni mkono kama ule. Esmeralda alimpenda Phoebus, na hilo lilitosha.