Nyota Njema na Macho ya Mteuzi

Wazee walisema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii umeisikia tangu utoto wako, msomaji, na yamkini umepata kuitumia katika insha ukapewa alama nzuri. Mimi nataka tuihoji kidogo. Siikatai, nauliza tu ni nani aliyekuwa macho asubuhi hiyo, alisimama wapi, na alitazama kwa muda gani kabla ya kutangaza kwamba ameiona nyota.

Tuseme yuko kijana wa kidato cha tatu katika shule moja ya Marungu. Jina hana, maana namtunga kwa ajili ya hoja, lakini wenzake wa kweli ni wengi. Nchi anayokaa ni ya chini na kavu; barabara kuu ya Nairobi na Mombasa yapita Maungu, na ndovu wa Tsavo hawaombi ruhusa ya kuvuka. Kwa sababu hiyo mazoezi ya jioni huvunjwa mapema, jua lingali juu, ili watoto wafike makwao salama. Siku ya mashindano ya shule timu yake hupanda gari kwenda Voi, mwendo wa kilomita 30 hivi. Kando ya kiwanja wapo watu waliokuja kutafuta vijana. Huyu ni mwalimu wa shule yenye jina katika kandanda, ambayo huwapa nafasi wachezaji hodari. Yule ametumwa na klabu. Kijana wetu ni kiungo. Upepo unampulizia vumbi usoni, na mshambuliaji wake anapoteza nafasi tatu alizotengenezewa kwa akili nyingi. Timu inafungwa bao moja bila jibu, nayo inarudi Marungu jioni ile ile. Mteuzi amefunga daftari lake, na jina la kijana halimo.

Je, ametendewa haki? Usijibu upesi. Ukisema hakutendewa haki, utaulizwa mteuzi angefanya nini, naye ana siku mbili, vijana mia kadhaa na nafasi nne. Ukisema ametendewa haki, itakubidi ueleze ni jambo gani hasa lililohukumiwa siku ile.

Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Liko tendo, na iko ahadi. Tendo ni lile alilofanya mchezaji mbele ya macho yetu: ametoa pasi, amefunga, ameanguka. Ahadi ni lile atakaloweza kufanya baada ya miaka mitano. Tendo huonekana, ahadi haionekani hata kidogo, bali hukisiwa kwa dalili. Mwamuzi mwenye filimbi huhukumu matendo, nayo ni kazi ngumu ya kutosha. Mteuzi huhukumu ahadi, na aghalabu husahau kwamba anakisia.

Mahali ambapo ukisiaji huu umefanywa kuwa kazi kubwa kupita pengine popote duniani ni Marekani, katika mpira wao unaochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Katika kila timu yuko mchezaji mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye ndiye nahodha wa mashambulizi: hupokea mpira nyuma ya ukuta wa wenzake, na kwa muda wa sekunde mbili au tatu huamua amrushie nani. Wachezaji hawa hulelewa katika timu za vyuo vikuu. Mwishoni mwa msimu, vyuo vilivyofanya vizuri hualikwa katika mechi za heshima ambazo huitwa kwa jina la bakuli, kwa kuwa viwanja vikubwa vya zamani vilijengwa kwa umbo hilo, kama kile cha Pasadena kilichofunguliwa mwaka 1922. Halafu, miezi michache baadaye, klabu za kulipwa hukutana na kugawana vijana kwa zamu, klabu dhaifu ikitangulia kuchagua. Mgao huo ulianza mwaka 1936, na kijana wa kwanza kabisa kuitwa, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Ulianza vibaya, kama uonavyo.

Sikiliza sasa habari za vijana wawili. Mwezi wa Januari mwaka 2007, JaMarcus Russell wa chuo cha Louisiana aliongoza timu yake kuishinda Notre Dame alama 41 kwa 14 katika mechi ya bakuli huko New Orleans. Alikuwa mrefu wa karibu mita mbili, mwenye mkono wa ajabu, na siku ile mingi ya mipira aliyoirusha ilifika. Klabu ya Oakland ilimchagua wa kwanza miongoni mwa vijana wote wa nchi na kumhakikishia zaidi ya dola milioni 30. Miaka mitatu baadaye ilimwacha, wala hakucheza tena katika ligi hiyo.

Wa pili ni Tom Brady wa chuo cha Michigan. Tarehe 1 Januari mwaka 2000, katika mechi ya bakuli huko Miami, timu yake ilibaki nyuma ya Alabama kwa alama 14 mara mbili, na mara mbili yeye aliirudisha. Alirusha mipira ya jumla ya yadi 369, na minne kati ya mipira yake ilipokewa katika eneo la kufunga. Walishinda alama 35 kwa 34 katika muda wa nyongeza. Wateuzi waliiona mechi hiyo. Kisha wakamwona akikimbia yadi 40, akatumia zaidi ya sekunde tano, ambayo ni aibu kwa mwanariadha. Wakaona kifua chembamba na mikono isiyo na misuli. Siku ya mgao walichaguliwa vijana 198 kabla yake, na sita kati yao walikuwa makwotabeki. Yeye alikuwa wa 199. Kabla ya kustaafu alitwaa ubingwa mara saba, kuliko mchezaji yeyote katika historia ya ligi ile.

Watu wengi husimulia hadithi hizi mbili ili kuonyesha kwamba mechi moja haitoshi. Mimi naona ndani yake jambo jingine, nalo lanitia wasiwasi zaidi. Wote wawili walikuwa na siku njema katika mechi ya bakuli. Siku njema ya Russell ilisadikiwa, na siku njema ya Brady haikusadikiwa. Tofauti ilikuwa katika miili yao. Mmoja alifanana na picha ya kwotabeki ambayo wateuzi walikuwa nayo vichwani kabla hawajafika kiwanjani, na mwingine hakufanana nayo. Kwa hiyo ile mechi haikuwa ushahidi hata kidogo. Ilikuwa shahidi aliyeitwa baada ya hukumu kuandikwa: akisema tunalolitaka twamsikiliza, na akisema kinyume twamwambia aketi.

Chunguza nafsi yako, msomaji, uone kama huifanyi kazi hiyo hiyo kila siku. Mwenzako wa darasa unayemdhania kuwa mwerevu akijibu vibaya, husema amechoka. Yule unayemdhania kuwa mzito akijibu vizuri, husema amebahatisha.

Hata hivyo nakuonya usikimbilie upande wa pili. Ukisha kusikia habari za Brady utavutwa useme kwamba walioachwa ndio walio bora, na kwamba wateuzi ni vipofu. Mwaka 2022 Brock Purdy aliitwa wa mwisho kabisa, wa 262, na mwezi wa Februari mwaka 2024 alikuwa akiiongoza timu yake katika mechi ya ubingwa, ingawa walishindwa. Habari kama hizi hupendeza. Lakini tunazijua kwa sababu ni chache. Katika kila mgao walioitwa mwishoni wengi wao walirudi makwao kimya kimya, na hakuna mwandishi aliyewafuata. Na hii ndiyo kasoro ya methali yetu: husemwa jioni, wakati nyota imekwisha kujulikana, na msemaji hurudi nyuma kutafuta asubuhi yake. Asubuhi za nyota zilizozimika hazisimuliwi. Basi mteuzi si kipofu; anaona kidogo, na kuona kidogo ni bora kuliko kutoona. Kosa lake ni kuapa kana kwamba ameona kote.

Nikirudi kwetu, yuko Michael Olunga, aliyesoma Upper Hill jijini Nairobi. Baada ya kuchezea Gor Mahia alikwenda Sweden, kisha China, kisha Uhispania. Huko Girona mwezi wa Januari mwaka 2018 aliingia akitokea benchi akawafunga Las Palmas mabao matatu. Ungedhani siku kama ile ingempa makao. Haikumpa, msimu ulipokwisha hakubaki Uhispania. Alikwenda Kashiwa, Japani, klabu hiyo ikateremka daraja mwaka ule ule, naye akabaki nayo. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 alifunga mabao manane katika mechi moja, na mwaka 2020, ligi kuu, alifunga 28 na kutajwa kuwa mchezaji bora wa mwaka. Miguu ilikuwa ile ile iliyokuwa Girona. Kilichobadilika ni kwamba Japani alipewa mechi baada ya mechi, pamoja na wenzake waliojua anapenda kupokea mpira wapi. Nadhani hili ndilo jambo ambalo mteuzi wa siku moja hawezi kulipima hata awe na akili gani: mchezaji hachezi peke yake. Kiungo wetu wa Marungu alitoa pasi tatu nzuri zikaharibiwa na mwingine. Katika timu bora zingeandikwa mabao matatu, na jina lake lingepigiwa mstari mara mbili.

Sasa turudi kwenye swali la haki. Mimi nasema kukosea si dhuluma. Aliyetazama kwa bidii, bila upendeleo, akamwacha kijana hodari, amekosea, wala hana hatia. Dhuluma ina njia nyingine za kuingia, na mbili ni za kawaida. Ya kwanza ni ya wazi: mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na mteuzi humchukua mpwa wake au mtoto wa rafiki yake, au hufumba jicho kwa kijana aliyeandikiwa umri wa uongo ili aonekane ana nguvu kuliko wenziwe. Huyo kijana mwenye umri wa uongo humwibia mwenzake nafasi, na zaidi ya hayo huwadanganya wateuzi, kwa sababu waonacho ndani yake si ahadi. Ni miaka miwili au mitatu iliyofichwa. Njia hii kila mtu anailaani, hata wanaoipitia, kwa hiyo sitakaa hapo.

Njia ya pili ni ya kimya, na wema wengi huipita bila kujua. Kijana wa Nairobi huchezea shule yake, na timu ya mtaa, na mashindano ya likizo; mwaka ukiisha ameonekana mara 20. Kijana wa Marungu ameonekana mara moja, katika vumbi. Mteuzi huwapima wote kwa kipimo kimoja na kusema, “Nimewatendea sawasawa.” Lakini wa kwanza alikuwa na siku mbaya saba na zikasahauliwa kwa siku zake njema, wa pili alikuwa na siku moja, nayo ndiyo imekuwa maisha yake yote mbele ya daftari lile. Kipimo ni kimoja, ila kilichopimwa si kimoja. Wengi mnaosoma ukurasa huu mlifanya mtihani wa mwisho wa darasa la nane kabla haujafutwa, au mna kaka na dada waliofanya. Mara ya mwisho ulifanywa mwaka 2023. Mnajua wenyewe asubuhi moja ya homa ilikuwa na uzito gani.

Pengine utasema, “Basi wateuzi waende Marungu mara 20.” Haiwezekani, na sipendi kumdai mtu lisilowezekana. Liko dogo linalowezekana. Aliyeonekana mara moja asihukumiwe kwa sauti ile ile inayomhukumu aliyeonekana mara nyingi. Mwaka 2013 klabu ya Indianapolis ilimpa mkataba Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa mchezaji wa raga, ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya mpira wa Kimarekani. Walimkubali wakijua kwamba hawajui, wakamfundisha. Alicheza mechi chache mno, na mwaka 2015 wakamwacha. Wengine waliwacheka. Mimi siwacheki, kwa kuwa walisema tangu mwanzo kwamba wanajaribu, nao walimpa kijana miaka badala ya siku.

Mteuzi wa Voi hana miaka ya kumpa mtu. Ana kalamu, na kalamu yake huandika waliochaguliwa tu, na hilo ndilo ninalomlaumu. Ukurasa wa pili wa daftari uko mtupu. Ungeweza kubeba jina la kiungo wa Marungu, na pembeni yake maneno machache: upepo, nafasi tatu zilizoharibiwa, kidato cha tatu. Mwakani kijana huyo atakuwa kidato cha nne, na timu yake itapanda gari tena kwenda Voi. Mtu mwenye ukurasa ule angeufungua kabla filimbi haijapigwa, ili ajue amtazame nani kwanza.