Imeamuliwa: Tendo na Mwenyewe

Lipo neno moja linalokaa juu ya barua za ofisi, matangazo ya ubaoni na maazimio ya vikao, kama kofia juu ya kichwa kisichoonekana. Neno hilo ni "imeamuliwa". Waingereza, katika lugha yao rasmi, wana usemi kama huo wa wakati uliotimia, unaoarifu kwamba shauri limekwisha kukatwa bila ya kumtaja aliyelikata. Na makarani wa Afrika Mashariki waliupokea pamoja na karatasi, muhuri na majalada. Ni neno fupi, lenye adabu, wala halimgombezi mtu. Lakini chini yake pana swali zito: je, ni haki kumpelekea mtu uamuzi utakaogeuza maisha yake, na kumficha mwenye uamuzi huo?

Kiswahili chenyewe hakilisemi jambo hili kwa njia moja. Chungu kikionekana sakafuni vipande vipande, yuko atakayesema "kimevunjika", yuko atakayesema "kimevunjwa", na yuko atakayesema "fulani amekivunja". Wa tatu amemtaja mtu. Wa pili hakumtaja, ila amekiri kwamba mtu yupo, msikilizaji akiuliza "na nani?", sarufi yamruhusu. Wa kwanza ameufunga mlango kabisa: chungu kimevunjika, basi, kana kwamba kilikuwa na nia yake. Wahenga waliposema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, walifunza subira. Hawakumkataza mtu kuuliza nani aliyeupiga teke mtungi.

Na kiungo "-me-" kina uzito wake. Kiungo "-li-" huliacha jambo jana. "-Me-" huliweka mbele ya macho. Aliyelala huenda amekwisha kuamka, ila "amelala" yumo kitandani hivi sasa. Wapenzi wa tungo za kale za pwani ya kaskazini wanaijua hali hiyo katika maumbo kama "ulele" na "ufile", ambamo tendo limepita na hali yake imebaki. Kwa hiyo anayesema "imeamuliwa" hasimulii habari ya zamani. Anaeleza mzigo ulioko begani mwa msikilizaji leo. Mtendaji ameondoka katika sentensi. Tendo limebaki kwa mtendwa.

Milima ya Usambara ni mahali pazuri pa kulipima neno hili. Visiwa na milima hiyo vimejuana zamani katika mambo ya lugha: Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja na baadaye akawa askofu, alitoa kijitabu cha Kishambaa mwaka 1867, miaka mitatu kabla ya kitabu chake mashuhuri cha Kiswahili. Huko juu kulikuwa na ufalme ambao mji wake mkuu ulikuwa Vugha, na Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ndiye aliyevuma zaidi miongoni mwa wafalme wake. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wenye fikra wa milima hiyo, alieleza semi mbili za Kishambaa zilizobeba siasa yote ya nchi: "kuzifya shi", yaani kuiponya nchi, na "kubana shi", yaani kuiharibu. Mvua ikija kwa wakati wake na vyakula vikistawi, yuko aliyeiponya nchi. Njaa ikiingia, yuko aliyeiharibu. Mfalme aliheshimiwa kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo aliweza kulaumiwa. Katika fikra hiyo nchi haiharibiki yenyewe.

Mtu wa leo aweza kuikataa imani kwamba mvua humtii mfalme. Hata hivyo, maadili yaliyomo ndani ya imani hiyo hayakataliki kwa urahisi: mwenye mamlaka juu ya jambo ndiye wa kuulizwa juu ya jambo hilo.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, katika wilaya ya Lushoto. Wakulima walitakiwa kuchimba matuta ya kukinga maji katika mashamba yao yaliyoinama, na asiyetii alitozwa faini. Kazi hiyo iliwalemea zaidi wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilima sehemu kubwa ya chakula. Si uongo kwamba udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua. Ila kulikuwa na mvutano wa vitenzi. Ofisini ilisemwa kwamba ardhi imeharibika, na tiba yake ni jembe la mkulima. Mkulima naye aliweza kuuliza kwa nini mashamba yamebana, hali misitu mikubwa ilikuwa imetengwa na serikali tangu zama za Wajerumani, walioipa Lushoto jina la Wilhelmstal, na ardhi nyingine ilikuwa mikononi mwa walowezi. "Imeharibika" ilimwachia yeye kazi yote. "Imeharibiwa" ingalizua mazungumzo.

Hapo yafaa kutazama herufi moja tu. Kuamuliwa na kuamuriwa ni maneno mawili yanayotengwa na "l" na "r". La kwanza latoka katika kuamua, ambako watu hukaa, husikilizana, na mwenye kauli hukata shauri. La pili latoka katika amri. Mara nyingi karatasi huandika la kwanza na maisha yakaonja la pili. Tena Mlalo inafunza jambo chungu zaidi: hata jina laweza kuwa pazia. Chini ya utaratibu wa kutawala kupitia wenyeji, amri zilizobuniwa na maofisa zilitolewa na kusimamiwa na mfalme na majumbe wake. Jina lilikuwapo, na lilikuwa la Mshambaa. Mwenye uamuzi alikuwa mwingine. Upinzani ulizidi katika miaka ya 1950, na kabla ya uhuru mpango ule ukaachwa. Watu walikuwa wamekataa kuchukua mzigo ambao mwenyewe hakujitokeza.

Yuko atakayejibu kwamba kumficha mtendaji si lazima kuwe hila. Huenda ikawa stara. Mama amwambiapo mgeni kwamba kikombe kimevunjika, anamsitiri mtoto asiaibike. Kamati ikisema "imeamuliwa", humkinga mjumbe mmoja asichukiwe kwa kura yake. Hakimu naye husema "imethibitika" kwa sababu hataki hukumu ionekane kuwa ni matakwa ya nafsi yake. Hoja hii ina uzito, na pwani, penye kuienzi stara, haiwezi kubezwa. Lakini stara humfunika mnyonge. Inapomfunika mwenye nguvu mbele ya mnyonge, imegeuka jina, nayo ni maficho.

Hoja ya hakimu ina mahali pake Lushoto, kwa kuwa mji huo una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Kwa miaka mingi mahakama za mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili, na hukumu za mahakama za juu zikaandikwa kwa Kiingereza, hata mshindi na mshindwa wakahitaji mfasiri ili wajue yaliyowapata. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa Tanzania Bara, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, pamoja na nafasi ya kutumia Kiingereza haki ikihitaji. Tangu hapo "imethibitika" na "imeamuliwa" yamepata kazi kubwa zaidi kuliko zamani, na mkulima aweza kuyasikia kwa sikio lake mwenyewe.

Yanachoyahalalisha maneno hayo mahakamani ni desturi inayoyazunguka. Sheria humtaka hakimu aandike hoja zilizobishaniwa, uamuzi wake na sababu zake, kisha atie sahihi na tarehe. Anayeshindwa anayo njia ya rufani. Mtendaji aliyefichwa katika kitenzi amejitokeza mwisho wa ukurasa, na amekuja na sababu zake. "Na nani?" ina jibu, na "kwa nini?" ina jibu. Barua ya ofisi isiyo na mojawapo ya majibu hayo imeazima sauti ya hakimu bila ya kulipa deni lake.

Basi "imeamuliwa" si neno la kufutwa. Ni neno lenye deni la vitu vitatu: jina la aliyeamua kweli, sababu iliyomwongoza, na sikio la kumsikiliza atakayelalamika. Na mpewa barua naye ana wajibu wake, kwa maana lugha imemwachia mlango wazi. Kukanusha kwa "-me-" katika Kiswahili ni "-ja-": haijaamuliwa. Umbo hilo halisemi kwamba jambo halitakuwa. Lasema kwamba bado. Mpaka mwenye tendo ajitokeze na sababu zake zisikike, huenda hilo ndilo jibu la haki.