Je, Tuliokimbia Risasi Tuigize Risasi?

Swali hili limegawa watu katika kikundi chetu cha vijana hapa Gisenyi, na nadhani linaweza kugawa watu kambi yoyote. Vijana wanataka kutengeneza filamu ya mapigano kwa simu. Hawataki filamu ya ndoa, wala ya mwanafunzi aliyepata mimba, wala ile ya kunawa mikono ambayo tumeiigiza mara tatu tayari. Wanataka mtu akimbizwe mlimani katikati ya mashamba ya viazi, apigwe risasi, aanguke. Je, ni halali?

Wazazi wana jibu lao. Mama mmoja aliniambia hivi, na ninaliandika kama alivyolisema: “Mutoto yangu, sisi tulishakimbia masasi. Sasa munatuletea masasi tena ku simu?” Wafanyakazi wa mashirika nao wana jibu lao, lenye maneno marefu kidogo: kiwewe, ulinzi wa mtoto, ujumbe chanya. Ukiyachambua utakuta wanasema kitu kimoja na yule mama.

Ninawaheshimu wote. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, risasi na mabomu vilivuka mpaka vikaanguka upande huu, na hapa Rubavu watu walikufa. Waliopita kambi ya mpito ya Nkamira wamebeba mambo ambayo sitayaandika hapa. Hakuna kati yetu anayehitaji sinema ili ajue mlio wa bunduki. Lakini nikisikiliza mabishano, naona wote tunabishana juu ya bunduki tu: ionekane, isionekane. Yule anayeanguka hatumuulizi kitu. Ni nani? Ana jina? Kuna mtu anamtafuta?

Kwanza tuseme ukweli juu ya kile vijana wanachotazama. Ninyi wa mashirika huenda hamkijui vizuri, kwa sababu hamuingii kule kwenye vibanda vya video. Hapa Rwanda filamu ya nje inayosimuliwa kwa Kinyarwanda inaitwa agasobanuye, na sauti ya Yanga inajulikana hata na mtoto asiyejua jina la mwigizaji yeyote. Kenya wana DJ Afro. Tanzania walikuwa na Lufufu. Uganda wasimuliaji wanaitwa VJ. Mtu anatazama vita vya Hong Kong au vya Marekani, lakini sauti inayomweleza ni ya mtaani kwake, inamtania, inamcheka muuaji na aliyeuawa pamoja. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tukikataa filamu yetu, vijana watabaki bila risasi. Watabaki na risasi za watu wengine.

Filamu ambayo vijana wangu wanaitaja kila siku ni ya Uganda. Inaitwa “Who Killed Captain Alex?”, yaani nani alimuua Kapteni Alex. Ilitengenezwa mwaka 2010 na Isaac Nabwana, mtu aliyewahi kufyatua matofali, katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, ambao hauna tofauti kubwa na mitaa tunayoijua. Gharama inayotajwa mara nyingi ni chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki zilitengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu. Kompyuta ya kuunganisha picha aliiunda mwenyewe kutoka vipande. Damu ilikuwa rangi ya chakula ndani ya kondomu (mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe, wakaacha baada ya mwigizaji kuugua). Waigizaji walikuwa majirani, na filamu zikikamilika wao wenyewe walitembea mlango kwa mlango wakiuza DVD kabla wezi wa nakala hawajawawahi. Hata nakala ya kwanza ya filamu hiyo haipo tena, kwa sababu Nabwana alihitaji nafasi kwenye kompyuta kwa kazi nyingine, akaifuta. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akipiga kelele na kucheka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo dunia nzima inayoijua leo kupitia YouTube.

Mimi naipenda filamu hiyo, na sioni haya kusema. Napenda kwamba mtu asiye na kitu hakusubiri mradi wa mtu. Nikiwa kijana wa kambini ambaye kila kitu chake kimepitia fomu ya kuomba, napenda sana.

Lakini nimekaa nikafikiri kwa nini watu wasio na pesa, wakishika kamera, wanakimbilia mapigano. Nadhani ni kwa sababu kifo ni rahisi kuigiza. Mtu anashika tumbo, anaanguka, kwisha. Anaweza kunyanyuka, kubadilisha shati na kufa tena. Msituni hakuna kodi ya chumba. Hata Uingereza, nchi tajiri, mwenye filamu asiye na fedha anaenda shambani na milimani, kwa sababu mlima hauna bei na hauhitaji taa. Lakini mazishi ni ghali! Mazishi yanataka umati, jeneza, mchungaji au shehe, wanawake wa kulia, chakula cha waombolezaji. Mahakama inataka jengo na majoho. Hospitali inataka vitanda. Basi filamu za bei ndogo, na nyingi za bei kubwa pia, zina wauaji wengi na hazina wazikaji. Watu hamsini wanalala chini na hakuna anayeuliza miili ilienda wapi.

Na sisi, wasomaji wa gazeti hili, tunajua mahali ambapo ni hivyo hivyo kweli.

Siku moja tulitazama Kapteni Alex kumi na wawili kwenye kompyuta moja ndogo. Wale ambao hawajaiona, hadithi ni hii. Kapteni Alex anaongoza jeshi dhidi ya genge liitwalo Tiger Mafia. Genge linapanga kumkamata, lakini anakutwa tayari amekufa. Ndugu yake, Bruce U, bingwa wa kung fu, anakuja kutafuta muuaji. Kisha vinakuja vita, helikopta inapiga mabomu Kampala, watu wanakufa kama nzi. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Filamu ikaisha. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: “Sasa ni nani alimuuwa?”

Hakuna jibu. Filamu inaisha bila kusema. Jina lake lote ni swali, na swali halijibiwi.

Wengine walicheka tena. Kijana wa Masisi akasema, bila kucheka: “Hata kwetu iko vile vile. Baba yangu mudogo, mpaka leo hatuyue ni nani.” Kukawa kimya kidogo, halafu mtu akaomba tuweke filamu nyingine. Sijui Nabwana alikusudia nini, na huenda aliona tu kwamba ni mzaha mzuri. Ila kijana yule alipata mahali pa kuyasema maneno ambayo vikao vyetu vya mazungumzo, vyenye duara la viti na chati ukutani, havikuwahi kuyatoa. Ilichukua helikopta ya kompyuta na damu ya rangi ya chakula.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaotaka tuigize amani tu. Tuliwahi kuigiza mchezo wa amani. Makabila mawili yanagombana, anakuja mzee, wanapeana mikono, mwisho. Vijana waliucheka mchezo huo kuliko walivyomcheka VJ Emmie, na kicheko chao kilikuwa kibaya, kicheko cha mtu anayejua anadanganywa. Mkono ulitolewa, sawa, lakini aliyekufa katika ugomvi ule alitajwa mara moja tu, tena kama “mhanga”. Hakuwa na jina. Filamu ya risasi na mchezo wa amani, kwa jambo hili, ni ndugu.

Mtu atasema: basi kama tatizo ni kutojua muuaji, mpe kijana filamu ambayo muuaji anajulikana na analipa. Mfanyakazi mmoja wa kujitolea aliniachia filamu ya namna hiyo kwenye flashi, ya Uingereza, ya mwaka 2004, inayoitwa “Dead Man's Shoes”. Ni ya Shane Meadows, ilitengenezwa kwa fedha kidogo kwa kipimo cha kwao, katika mji mdogo wa Matlock na vilima vyake, kule Derbyshire. Mashamba, mawe, mvua. Ukiondoa baridi, ungesema ni huku kwetu njia ya Musanze. Nitawaambia mwisho wake, mnisamehe.

Richard ni askari anayerudi kijijini kwao. Mdogo wake Anthony, ambaye akili yake ilikuwa na udhaifu, aliteswa na wahuni wauza dawa za kulevya. Richard anawajua wote, kwa majina. Anawaua mmoja mmoja. Siku zote hizo tunamwona Anthony akitembea naye porini, kisha tunagundua kwamba Anthony alikwisha kufa zamani, alijinyonga baada ya mateso yao. Anabaki mtu wa mwisho. Huyo aliacha genge, ana mke na watoto wawili wa kiume. Richard anamchukua mpaka mahali Anthony alipofia, anampa kisu, na badala ya kumuua anamtaka amuue yeye. Na yule baba anafanya hivyo.

Nilitazama peke yangu na sikulala vizuri. Hapo kila kitu kinajulikana, hakuna siri ya Kapteni Alex. Kila muuaji amelipa. Na matokeo yake ni baba wa watoto wawili anayerudi nyumbani na damu mikononi. Mtu aliyetaka kutoka katika deni lile ndiye aliyeachiwa sehemu ya mwisho ya deni. Mimi sisemi kisasi hakina haki. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti cha ofisi. Anayetaka kisasi angalau anakumbuka kwamba mtu alikufa, na huenda ndiye peke yake anayekumbuka. Ninachokiona ni kwamba kumjua muuaji na kumuua hakukumzika Anthony. Alibaki anatembea.

Mwaka wa sita wa sekondari tulisoma filozofia kidogo. Plato alitaka washairi wa kuigiza watolewe katika mji wake, kwa kuwa wanaharibu nafsi. Aristotle alijibu kwamba tukiona mateso jukwaani tunapata huruma na hofu, na hizo zinatusafisha. Wakati ule niliandika mtihani, nikasahau. Sasa naona kila mkutano wetu kuna Plato mmoja na Aristotle mmoja, tena mara nyingi Plato ndiye mwenye mhuri. Ila hata Aristotle hawezi kutusaidia bila sharti. Huruma inahitaji mtu wa kuhurumiwa. Hamsini wanaoanguka bila jina hawahurumiwi na mtu.

Kwa hiyo katika kikundi tumekubaliana mambo machache. Bunduki za mbao hapana. Wakaliga wanaweza, sisi hapa karibu na Petite Barrière hatuwezi. Askari anayeona kijana mwenye kitu kirefu begani jioni hatakaribia kuuliza kama ni mbao ya msonobari. Tunatumia kidole na mlio wa mdomo, na kweli inachekesha, lakini hakuna atakayekufa kwa ajili ya sanaa. Watoto wadogo hawaigizi wala hawakai karibu tunapopiga picha. Aliyeona mambo mabaya na hataki, hataki, haulizwi sababu. Hayo wafanyakazi wa mashirika waliyapenda.

La mwisho halikumpendeza mtu mwanzoni. Yeyote anayekufa katika hadithi yetu lazima awe na jina, na lazima kuwe na mtu anayekuja kumtafuta. Vijana walilalamika sana. “Yaya, filamu itakuwa murefu!” Kweli imekuwa ndefu. Kwenye mpango wa kwanza walikufa watu kumi na tisa. Walipolazimika kumpa kila mmoja jina, na mama au dada wa kuuliza habari zake, wakashuka hadi saba, kisha watatu. Sikumkataza mtu kuua. Walichoka wenyewe kutafuta jamaa za marehemu.

Sasa tumebaki na marehemu mmoja. Anaitwa Espoir, jina tulilolitunga, fundi wa pikipiki. Kupigwa risasi kwake kumeshapigwa picha, juu kule kwenye mashamba, na kila mvulana aligombania kuwa yeye, tukapiga mara tisa ili kila mtu aanguke. Dada yake anayemtafuta tunaye pia. Kilichobaki ni mazishi. Tulichimba shimo fupi nyuma ya uwanja, lenye kina cha magoti, tukatafuta shuka. Wavulana sita, wale wale walioanguka kwa furaha, hakuna hata mmoja aliyekubali kulala ndani. Mmoja alisema bibi yake atamlaani. Mwingine alisema tu hapana, akaenda kukaa mbali.

Shimo tumelifukia siku hiyo hiyo ili mbuzi wa watu wasivunjike miguu. Wengine wanapendekeza tuonyeshe udongo tu ukimwagwa, bila mtu. Wengine wanataka shuka yenye majani ya migomba ndani. Dada wa Espoir, yaani msichana anayemwigiza, amesema yeye hatalilia migomba. Tumeahirisha hadi Jumamosi ya pili.